Unga umepotea madukani: maswali ambayo wateja huniuliza, na majibu yangu

Nina duka la rejareja Kayole, Nairobi, tangu 2009. Nikiwa nyuma ya kaunta hiyo nimepitia uhaba wa unga wa mahindi wa 2017, pupa ya Machi 2020 korona ilipoingia nchini, na bei za 2022 zilizomfanya mtu arudishe paketi rafuni baada ya kuuliza ni pesa ngapi. Maswali huwa yale yale kila mara, na foleni huwa ndefu kiasi kwamba simjibu mtu ipasavyo. Jibu la mkato huzaa hofu, na hofu humaliza unga kabla ya siku zake. Ndiyo sababu nimeyaandika hapa, nikijibu kama ambavyo ningemjibu jirani aliyevuta kiti akaketi.

Rafu ni tupu. Je, mahindi yameisha nchini?

Karibu kila mara, hapana. Rafu tupu inakuambia jambo moja tu: leo unga umetoka haraka kuliko ulivyoingia. Kabla paketi haijanifikia, mahindi yamepita kwa mkulima, kwa broka, kwenye lori, kwa msagaji, kwenye ghala la wakala, ndipo gari likaja kwangu. Yeyote kati yao akichelewa siku tatu, rafu yangu inaonyesha.

Uhaba wa kweli upo, na sitauficha. Mvua za vuli za 2016 zilikosa, na tarehe 10 Februari 2017 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mwaka huo huo viwavijeshi vamizi wakaingia mashambani na kutafuna mahindi machanga. Mwaka 2022 nchi ilivuna karibu magunia milioni 34 ya kilo 90, kutoka karibu milioni 37 mwaka uliotangulia. Sehemu kame zilikuwa zimekosa mvua misimu minne mfululizo, na mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulikuwa umepita shilingi 6,000, kwa hivyo wakulima wengi walipanda kwa mbolea pungufu.

Lakini uhaba wa namna hiyo huja polepole. Unauona kwa bei inayopanda shilingi tano leo, kumi wiki ijayo, hadi siku moja unashtuka. Hauji Jumamosi moja saa sita mchana. Unga ukiisha mtaa mzima kwa saa chache, ujue ni sisi wenyewe tuliokimbia dukani kwa pamoja.

Mbona tatizo hili hurudi karibu miezi ile ile?

Kwa sababu shamba lina kalenda yake. Trans Nzoia na Uasin Gishu, tunakotegemea sana, huvuna kuanzia Oktoba hadi Desemba hivi. Kufikia Mei, wakulima wadogo wengi wameshauza au wamekula walichovuna. Kati ya Mei na Agosti tunaishi kwa masalio ya ghalani na kwa majirani: mahindi ya Uganda yanayopita Busia na Malaba, na ya Tanzania yanayopita Namanga, Isebania na Taveta. Hata mahindi ya Zambia hukata Tanzania nzima kwa lori ili yatufikie.

Ndiyo maana mpaka ukikwama, Nairobi inakohoa. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile aflatoksini. Baada ya siku chache yakaruhusiwa tena kwa masharti mapya. Wateja walikuja kuniuliza siku ile ile kama unga utaisha. Haukuisha.

Mbona unaniuzia paketi mbili tu na pesa ninazo?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi zaidi, na nitalijibu kwa urefu.

Siku ya kawaida nauza paketi thelathini za kilo mbili. Gari la wakala huja Jumanne na Ijumaa. Ijumaa jioni napokea beli kumi, kila beli ina paketi kumi na mbili, jumla 120. Hizo zinatosha hadi Jumanne: siku nne, paketi thelathini kila siku. Hesabu hiyo haina nafasi ya ziada, kwa sababu mtaji wangu ni mdogo na stoo yangu ni chumba kimoja.

Sasa Ijumaa jioni uvumi uenee kwamba unga unaisha. Wateja arobaini waje Jumamosi asubuhi, na kila mmoja, badala ya paketi moja, achukue tatu. Hizo ni 120, zimekwisha kabla ya chakula cha mchana. Hakuna gunia lililopungua Kitale, kule Trans Nzoia. Msagaji hajapunguza hata kilo. Hata hivyo kutoka Jumamosi mchana hadi Jumanne duka langu halina unga, na kila anayepita anaona rafu tupu, anapiga picha, anaituma kwa watu wake. Wao nao wanakimbilia duka la mtaa wa pili.

Na ni nani anayekosa? Wale arobaini wanao. Anayekosa ni yule ambaye pesa yake huja jioni. Hapa kwetu kuna akina mama wanaofua nguo kwa siku, vijana wa mjengo, wauzaji wa mboga za kutembeza. Wao hununua chakula cha leo kwa pesa ya leo: nusu kilo, robo, wakati mwingine kipimo kimoja cha kupima kwa kopo. Hawawezi kuweka akiba hata wakitaka.

Mwaka 2017, wiki ya kwanza, niliwauzia watu walivyotaka. Mwanamume mmoja alibeba beli nzima kwenye bodaboda nikafurahia mauzo. Saa moja jioni akaja mama mmoja anayefulia watu Donholm, mkononi ameshika noti ya shilingi mia, na watoto wawili wamemfuata. Sikuwa na unga. Nilimpa mkate, akaupokea, akasimama kidogo kana kwamba ananingoja nikumbuke mahali nilipoweka paketi moja. Sikuwa nimeweka. Tangu siku hiyo hofu ikiingia naweka kikomo cha paketi mbili kwa kila nyumba, na paketi kumi haziguswi hadi saa kumi na moja jioni. Hizo si za rafiki zangu wala si za kuuza kwa bei ya juu. Ni za watu wa jioni.

Wakamba wana jina la njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambalo maana yake ni kufa huku umeshika pesa. Pesa ilikuwepo, cha kununua hakikuwepo. Wazee wa Machakos na Kitui wakilitaja jina hilo, hutamka polepole. Kwa hivyo mteja akiniambia pesa anazo, namwelewa, ila kikomo changu hakihusu pesa yake.

Lakini nina familia kubwa. Paketi mbili zitanifikisha wapi?

Niambie. Kikomo changu hakina macho, mimi ninayo. Nyumba ya watu tisa nitaipa nne, na nitakuomba urudi baada ya siku mbili badala ya kuzunguka maduka matano siku moja. Ukizunguka, mwenye duka wa sita ataona foleni na kudhani mwisho wa dunia umefika.

Je, ni nyinyi wenye maduka mnaoficha unga ili mpandishe bei?

Wapo wanaoficha. Sitawatetea. Wapo wenye maduka, mawakala na mabroka ambao wakinusa bei inapanda hufunga ghala na kusubiri. Ni dhambi mbele ya mtu mwenye njaa.

Ila fahamu pia jinsi inavyokuwa kwa muuza duka mdogo. Mwaka 2017 wakala mmoja aliyekuwa akiniletea mzigo aliniambia waziwazi: hupati beli tano za unga mpaka uchukue na katoni tatu za sabuni na mafuta ya kupikia yasiyotoka. Sikuhitaji sabuni. Nilichukua kwa sababu watu walihitaji unga. Sabuni ile ilikaa stoo karibu mwaka mzima, na pesa yangu imelala humo. Ukikutana na jambo kama hilo leo, liandike: tarehe, kiasi, risiti. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani Kenya. Machi 2020 mamlaka hiyo iliamuru duka moja kubwa lirudishie wateja pesa lilipopandisha bei ya vitakasa mikono. Kwa hivyo si kweli kwamba malalamiko hayafiki popote.

Namna ya kumtambua anayeficha si ngumu sana. Duka lisilo na unga mchana ambalo usiku linauza kwa mlango wa nyuma, kwa bei nyingine, bila risiti. Mtaa huwa unajua.

Mbona paketi ya wiki jana, yenye vumbi lile lile, leo ina bei mpya?

Kwa sababu pesa utakayonipa leo ndiyo nitakayonunulia mzigo wa kesho. Nikikuuzia kwa bei ya zamani na wakala ameshapandisha, Ijumaa nitaweza kununua beli nane badala ya kumi, na wiki ifuatayo sita. Najua inauma kusikia hivyo. Mimi husubiri hadi mzigo mpya ufike ndipo nibadilishe bei ya rafu, lakini siwezi kumlaumu mwenye duka ambaye mtaji wake haumruhusu.

Hakuna sheria ya kuzuia bei?

Ipo. Sheria ya kudhibiti bei za bidhaa muhimu ilitiwa saini na Rais Mwai Kibaki mwaka 2011. Inampa waziri uwezo wa kutangaza bei ya juu kabisa. Asipotangaza, hakuna bei ya kisheria ya paketi, na kunitishia polisi hakutasaidia. Katiba nayo, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 kinalinda haki za mnunuzi. Viongozi wakumbushwe vifungu hivyo kila mara, si wakati wa njaa peke yake.

Serikali imetangaza unga wa bei nafuu. Mbona siuoni?

Tangazo hufika kwa redio dakika ile ile. Unga hufika kwa lori.

Tarehe 16 Mei 2017 serikali ilitangaza paketi ya kilo mbili kwa shilingi 90 na ya kilo moja kwa shilingi 47, wakati huo paketi zikiwa zimepita 150 kwa mbali. Wasagaji waliuziwa mahindi kwa shilingi 2,300 kwa gunia ili waweze kushusha bei. Asubuhi iliyofuata nilikuta watu wamenisubiri nje ya duka kabla sijafungua mlango, wameshika shilingi 90 kamili mkononi. Nilikuwa na mzigo nilionunua kwa bei ya zamani. Ilibidi nisimame mlangoni nieleze, na wengine waliondoka wakiamini nimewaibia. Mzigo wa bei mpya ulichelewa, na ulipofika ulikuwa wa kugawana. Zaidi ya hapo, paketi nafuu zilikwenda kwanza kwenye maduka makubwa yanayonunua moja kwa moja kwa msagaji, na mtaa ukabaki na makombo.

Mwaka 2022 ilirudiwa. Tarehe 20 Julai, wiki tatu kabla ya uchaguzi, bei ya paketi iliyokuwa imepita shilingi 200 ilitangazwa kuwa 100. Tarehe 13 Septemba, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alisema ruzuku ya unga ilikuwa imemeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila nafuu ya kuonekana. Akahamishia nguvu kwenye mbolea, mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 3,500.

Maoni yangu mimi muuza duka: ruzuku ya unga humsaidia aliye karibu na duka kubwa na mwenye muda wa kupanga foleni. Mbolea ya bei nafuu ikifika kwa mkulima mapema, kabla ya mvua ya Machi, hunisaidia mimi na yule mama wa Donholm. Ikifika Mei, imechelewa.

Shauri langu kwa sasa: ukisikia tangazo, usikimbie siku ile. Ngoja siku nne au tano. Na usinunue unga wa ruzuku uliofunguliwa na kupakiwa upya kwenye mfuko usio na jina. Mwaka 2017 malalamiko ya aina hiyo yalikuwa mengi.

Meli ya mahindi imetia nanga Mombasa. Sasa tumeokoka?

Tufanye hesabu pamoja. Katikati ya Mei 2017 meli ilifika Mombasa ikiwa na karibu tani 30,000 za mahindi meupe. Gawanya kwa kilo 90, unapata magunia zaidi kidogo ya 330,000. Nchi hii, kwa makadirio yanayotajwa sana, hula magunia milioni tatu hadi nne kwa mwezi. Kwa hivyo meli nzima ni chakula cha siku tatu hivi.

Si kwamba haina maana. Broka aliyeficha mahindi akiona meli, hufungua ghala, na bei hulegea kabla hata mfuko haujashushwa. Lakini meli moja haijazi pengo la msimu mzima.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu. Mahindi mengi yanayouzwa duniani ni ya njano, na sehemu kubwa ni yaliyobadilishwa vinasaba, ambayo Kenya iliyapiga marufuku kuingizwa mwaka 2012. Marufuku hiyo iliondolewa na baraza la mawaziri Oktoba 2022, na mara moja suala likaishia mahakamani. Sisi twataka meupe. Nchi zenye meupe ya kutosha kuuza nje ni chache, Mexico na Zambia zikiwemo. Meli kutoka Mexico huchukua wiki nyingi baharini. Halafu mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, hutozwa ushuru wa asilimia 50 hadi serikali iuondoe kwa tangazo. Ukiona wamechelewa kuuondoa hadi Mei, ujue msaada utafika wakati wakulima wa Kitale wanakaribia kuvuna, na hapo mkulima naye ataumia kwa bei kuanguka. Tumeyaona.

Ugali wa mahindi ya njano ni wa mifugo?

Sivyo. Wazee wetu walianza kuudharau kwa sababu uliingia kama msaada wakati wa ukame wa 1984, na ladha yake ikaungana na kumbukumbu ya njaa. Mahindi ya njano yana kitu kinachogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, ambacho meupe hayana. Ukipata unga wake safi, watoto wapikie uji bila wasiwasi.

Niweke kiasi gani nyumbani bila kuwa mroho?

Kwa nyumba ya watu watano inayokula ugali jioni, paketi ya kilo mbili huenda siku mbili hivi. Akiba ya wiki moja, yaani paketi tatu au nne juu ya unayotumia, inatosha kuvuka uvumi wa kawaida. Inunue Januari au Februari, mahindi yakiwa mengi na bei iko chini, paketi moja ya ziada kila unapopata mshahara. Akiba iliyowekwa wakati wa shibe haimnyimi mtu. Ile ya wakati wa hofu humnyima jirani.

Unga wa kukobolewa wa paketi hukaa miezi kadhaa, angalia tarehe iliyochapishwa. Uweke kwenye ndoo yenye kifuniko, juu ya kitu, si sakafuni, mbali na sabuni na mafuta ya taa kwa sababu unga hunyonya harufu. Unga wa posho mili, yaani kinu cha mtaani, uliosagwa pamoja na kiini ni tofauti: una mafuta ndani, baada ya wiki chache huanza kuwa mchungu. Saga wa siku kumi tu. Nimeona watu wakisaga gunia zima kwa hofu halafu wakalisha kuku nusu yake.

Nikinunua mahindi yenyewe na kusaga, si nitaokoa pesa?

Mara nyingi ndiyo, na unga usiokobolewa haupotezi maganda, kwa hivyo gorogoro moja, lile kopo la kupimia mahindi, inakupa unga karibu wote. Lakini angalia mambo mawili.

La kwanza ni kipimo. Gorogoro nzima ni takriban kilo mbili. Igeuze utazame chini kabla hujapimiwa, kwa sababu wapo wanaobonyeza kitako cha kopo kiingie ndani. Ukiweza, nunua kwa mizani.

La pili ni unyevu, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika ukurasa huu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumukuvu katika maeneo ya Ukambani na jirani zake, wagonjwa walioorodheshwa wakiwa 317, wengi wao Makueni na Kitui. Wengi walikula mahindi yao wenyewe. Uchunguzi uligundua kwamba waliougua zaidi ni waliokuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Wakati wa uhaba mtu huvuna kabla hayajakauka, au huyaingiza chumbani asiibiwe, na kuvu hupata joto na unyevu inaoutaka.

Kupika hakuondoi sumu hiyo. Kuchagua punje zilizooza na kuzitupa husaidia, lakini sumu yaweza kuwemo hata kwenye punje zinazoonekana nzuri. Mahindi yenye harufu ya uvundo, au yenye rangi ya kijani na kijivu, usinunue hata ukipunguziwa nusu bei. Usiwape kuku, usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu hupita hadi kwenye maziwa.

Kuna jaribio la chumvi ambalo wakulima hulitumia. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kiasi cha vijiko viwili, tia mahindi hadi robo ya chupa, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi. Ikianguka yote chini, yamekauka vya kutosha kuwekwa. Wenye mashine ya kupima unyevu hutaka isizidi asilimia 13.5.

Tule nini ugali ukikosekana?

Nyumbani kwangu 2022 tulikula ugali siku tatu kwa wiki, na hakuna aliyekonda. Viazi vitamu na chai asubuhi hushikilia tumbo hadi mchana. Mihogo ya kuchemsha na maharagwe ni chakula kamili, ila muhogo mchungu usiule kabla ya kumenywa, kulowekwa na kukaushwa ipasavyo. Githeri hutumia mahindi machache kuliko ugali kwa sababu maharagwe hubeba nusu ya sufuria. Unga wa mtama au wimbi ukichanganywa na wa mahindi, sehemu moja kwa mbili, ugali unashikana vizuri na rangi yake watoto huizoea baada ya siku mbili. Mchele wa Mwea ni mtamu lakini ni ghali, usiukimbilie kwanza.

Utaona bei ya viazi na ndizi nayo ikipanda, maana kila mtu ana wazo hilo hilo. Badilisha chakula mapema, wiki ya kwanza bei ya unga inapoanza kusogea.

Nimetumiwa sauti kwenye WhatsApp kwamba kuanzia Jumatatu hakuna unga. Ni kweli?

Sauti hiyo, au dada yake, nimeisikia 2017, 2020 na 2022. Haitaji jina la anayesema, haitaji kinu, haitaji tarehe kamili. Husema Jumatatu, na kila wiki ina Jumatatu. Tarehe 13 Machi 2020, siku mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Kenya, sauti kama hiyo ilinimalizia duka kwa jioni moja. Jumanne gari la wakala lilikuja kama kawaida.

Usiitume mbele. Uliza kwanza maswali mawili kwa mwenye duka wako: gari la mwisho lilikuja lini, na limeleta kiasi gani ukilinganisha na kawaida? Likiwa limeleta nusu kwa wiki mbili mfululizo, hapo kuna jambo, na nitakuambia mwenyewe.

Uchaguzi unakaribia. Ninunue chakula cha mwezi?

Nawaelewa wanaouliza. Aliyeishi Nairobi, Naivasha au Eldoret mwanzoni mwa 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, hawezi kusahau maduka yaliyofungwa na barabara zisizopitika. Hofu hiyo ina sababu.

Tatizo ni kwamba uchaguzi wetu huangukia Agosti, katikati ya ile miezi ya ghala tupu niliyoitaja juu. Ilikuwa tarehe 8 Agosti 2017, tarehe 9 Agosti 2022, na kwa mujibu wa katiba utakuwa tarehe 10 Agosti 2027. Hofu mbili hukutana wiki moja. Kama unataka chakula cha wiki mbili wakati huo, anza kukiweka Februari. Ukija kwangu tarehe 7 Agosti kutaka beli, jibu langu unalijua.

Sina pesa wiki hii. Utanipa unga kwa deni wakati wa uhaba?

Mteja wangu wa kila siku, ndiyo, paketi moja, na naandika kwenye daftari. Bei ninayoandika ni ya siku uliyochukua, hata ikipanda kabla hujalipa. Nikuombe tu uje mwenyewe, usimtume mtoto saa mbili usiku kwenye foleni. Zile paketi kumi za jioni huanza kuuzwa saa kumi na moja, na ukichelewa kazini nipigie simu nikuwekee yako.